Kivuli cha Alasiri: Kuchagua Vichaka Vinavyostahimili Ukame kwa Kidimbwi cha Bustani

Mtu anayejenga kidimbwi nyumbani kwake Dodoma huwa amepiga hesabu ya saruji, ya mchanga na ya samaki, lakini ni nadra akawa amepiga hesabu ya jua. Kidimbwi hujazwa maji mwezi Mei, wakati hewa ina ubaridi na ardhi bado ina unyevu wa mvua zilizopita, na kwa miezi mitatu ya mwanzo hupendeza kwelikweli. Kisha inaingia Septemba, upepo unakausha kila kitu, maji yanageuka kijani kizito kama mlenda, na alfajiri unawakuta samaki wamejaa juu ya maji, vinywa wazi, wakihema. Hapo ndipo mwenye nyumba anapoanza kuulizia mti wa kivuli, na karibu kila anayemuuliza humpa jibu lile lile: panda kinachokua haraka na kisichohitaji kumwagiliwa. Jibu hilo ni nusu ya ukweli, na nusu isiyosemwa ndiyo inayoharibu vidimbwi.

Mmea kustahimili ukame si kwamba hautaki maji. Ama mizizi yake inajua kuyatafuta yalipo, ama unajua kuishi bila majani mpaka mvua irudi, ama umejaa utomvu unaohifadhi maji ndani ya shina na kuwazuia wanyama wasiutafune. Porini mbinu zote tatu ni sifa njema, lakini kando ya kidimbwi kila moja inaweza kuwa hasara: mizizi inayotafuta maji itakifuata kidimbwi, kichaka kinachopukutisha majani kitakiacha wazi wakati jua ni kali kupita kiasi, na utomvu unaweza kuua samaki. Kwa hiyo, kabla ya kununua mche, swali la kumuuliza muuzaji ni moja: mmea huu unastahimili ukame kwa njia gani? Haya ninayoyaeleza nimejifunza kwa kidimbwi changu cha mita 2 kwa mita 3, chenye kina cha sentimita 70, lakini yanafaa kwa kidimbwi chochote kidogo katika nyanda kavu za katikati ya Tanzania na katika maeneo mengine yanayopata mvua chache kwa msimu mmoja.

Kivuli kiasi gani kinatosha

Maji huwa ya kijani kwa sababu mwani umepata vitu viwili kwa pamoja, yaani mwanga mwingi na rutuba ya nitrojeni na fosforasi itokayo kwenye kinyesi cha samaki, mabaki ya chakula na majani yaliyooza. Kivuli hupunguza mwanga, na tena hupunguza joto, jambo ambalo kwa samaki ni kubwa zaidi. Katika usawa wa bahari, lita moja ya maji yenye nyuzi 20 za Selsiasi huweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni, lakini yakifika nyuzi 30 hubeba takriban 7.5 tu, na Dodoma, iliyo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hupata pungufu ya hapo. Usiku mwani hauzalishi oksijeni bali huitumia, na ndiyo maana samaki huhema alfajiri wala si mchana.

Jambo la tatu ni maji yenyewe. Tuchukue kwamba kidimbwi cha mita za mraba 6 kinapoteza milimita 6 kwa siku kutokana na jua na upepo, kiasi ambacho si cha ajabu katika kiangazi cha Dodoma: hizo ni lita 36 kila siku, karibu ndoo mbili kubwa, na zaidi ya lita 1,000 kwa mwezi. Anayeishi kwa mgao wa maji anajua uzito wa ndoo hizo.

Hata hivyo, usikifunike kidimbwi chote. Yungiyungi huhitaji jua kwa muda wa saa 5 au 6 kwa siku ili litoe maua, na kidimbwi kilichofunikwa kabisa na matawi hujaa uozo na mbu. Ninachokishauri ni jua la asubuhi liachwe lipige kwa uhuru, na kivuli kianze mara baada ya adhuhuri, kikiongezeka kadiri alasiri inavyosonga. Jua la asubuhi hukuta maji yakiwa yamepoa usiku kucha. Jua la alasiri ndilo linaloongeza joto juu ya joto.

Upande wa kupanda

Vitabu vingi vya bustani vimeandikwa katika nchi za kaskazini, ambako jua hukaa upande wa kusini mwaka mzima, na ushauri wao kuhusu pande za dira hautufai. Dodoma iko nyuzi 6 hivi kusini ya Ikweta. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita utosini, na kichaka huangusha kivuli chake miguuni pake mwenyewe, usikifaidi chochote kwa maji yaliyo mita mbili pembeni. Kivuli chenye manufaa kwetu hutoka magharibi, na kwa kuwa kati ya Oktoba na Desemba jua husogea kusini, mstari wa vichaka unapaswa kuanzia magharibi ya kidimbwi na kupinda kuelekea kusini-magharibi.

Usiamini macho peke yake katika jambo hili. Tafuta ufito wa mita 2.5, uusimamishe mahali unapofikiria kupanda, kisha ufuatilie kivuli chake. Mimi niliusimamisha mita 1.5 kutoka ukingo wa magharibi, katikati ya Oktoba. Saa nane na nusu ncha ya kivuli ilikuwa imegusa ukingo wa maji. Ilipofika saa tisa na ushei, wakati urefu wa kivuli unalingana na kimo cha ufito, ncha ilikuwa imeingia mita 1 ndani ya kidimbwi, na kufikia saa kumi ilikuwa imevuka upana wote wa mita 2. Jaribio hilo la siku moja lilinitosheleza kujua kwamba sihitaji mti mkubwa. Kichaka cha kimo cha mita 2.5, chenye matawi yanayotanuka kidogo, kinakipa kidimbwi cha ukubwa huo alasiri yake yote.

Upepo nao unaunga mkono upande huo huo. Katika kiangazi upepo wa Dodoma huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki, hivyo majani yanayodondoka kutoka kwenye vichaka vilivyo magharibi hupeperushwa mbali na maji, ilhali kichaka hicho hicho kikipandwa mashariki kitamwaga kila kinachodondoka ndani ya kidimbwi. Upande wa mashariki kinachohitajika ni kitu cha kuvunja nguvu ya upepo tu, na hapo ua wa matete au ukuta mfupi hutosha; anayetaka mmea basi auweke mita 4 au zaidi kutoka kwenye maji na aukate usizidi kimo cha kifua.

Angalia majani mwezi Oktoba

Miche huuzwa na kupandwa wakati wa mvua, na wakati wa mvua kila kichaka ni kizuri. Ukipita kitaluni mwezi Januari utaona majani mabichi kila upande, utaambiwa kwamba mmea huu ni wa porini na haufi kwa jua, na utakuwa umeambiwa kweli. Lakini mvua za Dodoma, ambazo kwa kawaida ni kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, hunyesha kuanzia Desemba hadi Aprili, na baada ya hapo sehemu kubwa ya vichaka vya pori letu hupukutisha majani na kubaki fito za kijivu mpaka mvua irudi. Havifi, ni kweli; lakini pia havitoi kivuli, na miezi vinayokaa uchi ndiyo miezi ambayo kidimbwi kinavihitaji.

Kosa hilo nililifanya mwenyewe. Nilipanda mikole mitatu upande wa magharibi kwa sababu naipenda: ni mmea wa kwetu, tunda lake linaliwa, na ndege huufuata. Ilistawi vizuri mno, ikafika kimo changu katika misimu miwili, na kila Aprili kidimbwi kilikuwa na kivuli kizuri ambacho hakikuwa na haja nacho. Kufikia Septemba ilikuwa imebaki matawi matupu, na majani yake yalikuwa yamekusanyika kwenye kona ya kidimbwi, meusi na yenye utelezi, yakigeuka mbolea ya mwani. Niliwahi kuyatoa kwa chujio nikajaza ndoo nzima, na maji yaliyochuruzika kutoka kwenye ndoo hiyo yalikuwa na rangi ya chai.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua chochote, tembea mtaani kwako kati ya mwisho wa Septemba na mwisho wa Oktoba. Tazama nyua za nyumba, kingo za makorongo, viwanja visivyojengwa, na uandike ni vichaka gani bado vina majani, na kama vilivyo nayo vinamwagiliwa au la. Kichaka chenye majani mabichi kwenye korongo kavu mwezi Oktoba, pasipo mtu wa kukimwagilia, kimekuonyesha kwamba kivuli chake kitakuwepo siku utakapokihitaji. Angalia pia chini ya shina: majani mengi makubwa yaliyolundikana ni onyo, kwa kuwa jani dogo na gumu huoza polepole na huchotwa kwa urahisi kuliko jani pana na laini.

Bogenvilia inahitaji neno la peke yake kwa sababu ndiyo inayopendekezwa kuliko zote. Haiogopi jua, maua yake yanang'aa wakati mimea mingine imenyauka, na hukua kwa nguvu. Lakini yale tunayoyaita maua ni majani membamba ya rangi ambayo hudondoka bila kukoma, ni mepesi kama karatasi, upepo huyabeba, na yakishalowa huzama na kuziba pampu. Ipandeni langoni, na hapo itapendeza, lakini iwe mbali na maji.

Utomvu na sumu

Ua wa minyaa ndio ua wa kale wa Dodoma. Unashika kwa kipande tu cha tawi, haukauki, mbuzi hawaugusi, na familia nyingi zimeishi nyuma yake vizazi kadhaa. Utomvu wake mweupe, hata hivyo, huunguza macho, na katika sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki umetumika tangu zamani kulevya na kuua samaki. Nimeyaona matokeo yake kwa karibu. Mpogoaji aliyekuwa akikata ua wa minyaa unaopakana na nyumba yetu aliacha matawi machache yaangukie kidimbwini, naye hakujua. Tulikuta utando mwembamba wa maziwa juu ya maji, na kufikia jioni perege wengi walikuwa wakielea ubavu. Maji yote yalimwagwa, kuta zikasuguliwa, na hata baada ya kujaza upya tulisubiri wiki kadhaa kabla ya kurudisha samaki. Tangu siku hiyo sipandi wala siruhusu mnyaa mahali ambapo tawi lake likikatika linaweza kufika majini.

Mnyaa hauko peke yake. Oleanda, yenye maua meupe, mekundu au ya waridi, ni miongoni mwa mimea inayovumilia ukame vizuri sana katika bustani za mijini, na kila sehemu yake ina sumu inayoathiri moyo. Thevetia yenye maua ya njano ya umbo la kengele ni ndugu yake kwa ukoo na kwa sumu. Waridi la jangwani, lenye shina nene lililovimba, hupandwa kwa uzuri wake, lakini maji yake yalitumika katika sumu ya mishale. Mbono kaburi, unaotumika sana kama ua hai, una mbegu zenye sumu kali kwa watoto, na watoto ndio wanaopenda kucheza kando ya maji. Utupa, ambao wakulima huupanda kwa ajili ya kurutubisha udongo, umepata sifa yake katika lugha yetu kwa kazi hiyo hiyo ya kulevya samaki. Mimea hii yote ina mahali pake na matumizi yake, lakini mahali hapo si kando ya kidimbwi chenye samaki, ndege wanaokunywa na watoto wanaochezea maji.

Kuna pia mimea ambayo haina kosa kwa maji yako lakini ina kosa kwa jirani na kwa nchi. Lantana huenezwa na ndege na kuvamia malisho. Prosopisi, ambayo watu wa Baringo nchini Kenya wanaifahamu kwa uchungu kwa jina la mathenge, ililetwa kwa nia njema ya kuzuia jangwa na ikageuka kichaka kisichopitika. Usiianzishe katika bonde lolote lenye maji ya chini.

Mizizi na mahali pa kuielekeza

Kidimbwi kilichojengwa vizuri hakipitishi maji, na mzizi hauna pua ya kunusa maji yaliyo nyuma ya saruji. Mzizi hustawi palipo na unyevu. Tatizo huanza pale kidimbwi kinapokuwa na ufa mwembamba au turubai lake lina tundu dogo, kwa kuwa udongo wa hapo hubaki na unyevu wakati pengine pote pamekauka, mizizi hujazana hapo, hunenepa, na ufa wa unywele unakuwa ufa wa kidole. Kichaka kikifika hapo kinakunywa zaidi ya maji ambayo kivuli chake kinaokoa.

Kwa sababu hiyo, pima uvujaji kabla ya kupanda. Jaza ndoo kwa maji ya kidimbwi, iweke juu ya tofali ndani ya kidimbwi ili sehemu kubwa ya ndoo iwe imezama na ukingo wake uwe juu ya maji, kisha weka alama ya usawa wa maji ndani ya ndoo na nyingine ukutani mwa kidimbwi. Baada ya siku nzima isiyo na mvua, pima tena. Maji ya ndoo yatakuwa yamepungua kwa jua na upepo tu. Ikiwa ya kidimbwi yamepungua zaidi ya hapo, kidimbwi kinavuja, na kazi yako ya kwanza ni kukiziba.

Kisha zingatia umbali. Kwa kichaka chenye mizizi ya kadiri kama mkomamanga, shina likae mita 1.5 hadi 2 kutoka ukingoni. Kwa mmea wenye mizizi mirefu, kama mswaki, usipungue mita 3, na kama kidimbwi ni cha turubai na si cha saruji, ongeza zaidi. Mwarobaini, ambao umejaa kila mtaa wa Dodoma na ambao wengi wangeufikiria kwanza, ni mti mkubwa wa kivuli cha uwanja. Usiulazimishe kuwa kichaka cha kidimbwi kidogo.

Jambo lililonisaidia kuliko umbali ni kuielekeza mizizi. Mwagilia kichaka upande wa mbali na kidimbwi, yaani upande wake wa magharibi, wala usimwagilie upande ulio kati yake na maji. Mimi nimefukia chungu cha udongo kisicho na rangi wala ung'arishaji, sentimita 40 kutoka kwenye shina, kikabaki mdomo tu juu ya ardhi, na ninakijaza maji kila baada ya siku 4 au 5 na kukifunika kwa kigae ili mbu wasitage humo. Maji hutoka polepole kupitia ukuta wa chungu. Mwaka wa tatu nilipokiinua kimoja kilichopasuka, nilikuta kimevikwa wavu wa vizizi laini pande zote, wakati mtaro niliouchimba upande wa kidimbwi ulikuwa na mizizi michache tu ya unene wa kalamu. Mtaro huo wa kina cha jembe huuchimba kila mwaka kabla ya mvua, nikakata mizizi iliyovuka na kufukia tena.

Vichaka vinavyostahili kupandwa

Chaguo langu la kwanza kwa upande wa magharibi ni mkomamanga. Umezoea nchi kavu tangu asili yake, haupendi hata kutuama kwa maji, hukaa katika kimo cha mita 2 hadi 4 bila ubishi, na jani lake ni dogo. Ukiachwa bila maji kabisa unaweza kupukutisha, lakini chungu kimoja cha maji kwa kila mche huufanya ubaki na majani kiangazi kizima, na hayo ni maji machache mno kulinganisha na yale unayoyaokoa. Matawi yake humalizikia kwa ncha kama mwiba, basi mwenye kidimbwi cha turubai aokote kila tawi alilokata. Una tabia ya kuchipua machipukizi mengi chini. Acha mashina matatu au manne, mengine yatoe, ili hewa ipite na nyoka wasipate maficho kando ya maji.

Chaguo la pili ni mhina. Wengi wanaujua kwa majani yanayopondwa kwa ajili ya mikono ya bibi harusi, hasa watu wa Pwani, lakini wachache wanaufikiria kama mmea wa bustani kavu, na hilo ni jambo la kusikitisha kwa sababu porini huota kwenye makorongo yanayokauka miezi mingi. Hukubali kukatwa, hushika kwa vipandikizi, na maua yake madogo yana harufu inayojaa ua mzima jioni. Ukame ukizidi hupunguza majani yake, kwa hiyo nao uwekewe chungu. Mhina ndio ninaoutumia pia kama ua mfupi wa kuvunja upepo upande wa mashariki.

Mswaki ni wa mtu mwenye subira na mwenye nafasi. Hauachi majani mwaka mzima, huvumilia hata udongo na maji ya chumvi, jambo muhimu kwa wanaotegemea visima vyenye maji ya chumvichumvi, na matawi yake hujinamia hadi karibu na ardhi hivyo kivuli chake ni kizito. Lakini hukua polepole, na mizizi yake ni ya mbali. Ukiuotesha kwa mbegu, osha nyama yote ya tunda kabla ya kuzifukia, kwa kuwa nyama hiyo huzuia mbegu kuota.

Mikole yangu sikuikata. Niliihamishia miche yake upande wa kaskazini, mbali na maji, ambako inawalisha ndege bila kuwadhuru samaki.

Swali linabaki: kidimbwi kitaishije miaka miwili au mitatu ya kusubiri vichaka hivyo? Jibu langu ni mbaazi. Panda zile za asili, za muda mrefu, kwa umbali wa mita 1, katikati ya miche ya kudumu, mara mvua za kwanza zinapolowanisha ardhi. Zitapita kimo cha mtu kabla ya katikati ya mwaka, zitarutubisha udongo, zitakinga miche michanga dhidi ya jua, na utakula mboga. Baada ya mavuno zikate kimo cha goti, nyingi zitachipua tena kwa msimu mwingine. Mkomamanga ukishazipita kimo, zing'oe.

Kupanda na kulinda

Chimba mashimo mwezi Novemba, ya sentimita 60 kila upande, ukitenga udongo wa juu na wa chini. Changanya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza vizuri, rudisha shimoni, na uache bonde dogo la kukinga maji ya mvua, lenye mteremko unaoelekea mbali na kidimbwi ili samadi isisombwe kuingia majini. Panda Desemba au Januari, mvua zikishashika, wala usisubiri Machi, kwa sababu mche unahitaji miezi mitatu ya unyevu kushusha mizizi. Tandaza nyasi kavu kuzunguka shina bila kuligusa. Maji machafu unayoyatoa unaposafisha kidimbwi yamwagie vichaka, kwa kuwa rutuba iliyokuwa ikilisha mwani ndiyo vinayoihitaji.

Adui wa mwaka wa kwanza ni mbuzi kuliko jua. Kule Kondoa, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulioanza mwaka 1973, mifugo iliondolewa mwaka 1979 katika maeneo yaliyokuwa yamemomonyoka vibaya, na pori likarudi katika ardhi ambayo ilionekana imekufa. Mche wako nao uzungushie boma la miiba, lakini miiba hiyo iwe mbali na turubai, na liache hapo mpaka kichaka kizidi kimo cha mbuzi aliyesimama kwa miguu miwili.

Kupogolea kufanyike mwezi Mei, mvua zikishaisha, na si Agosti wala Septemba, ambapo kila tawi lina kazi. Ondoa matawi ya chini hadi kimo cha goti, punguza yaliyosongamana katikati, na yale yanayoinamia maji yakate yasipite ukingo. Kabla ya kuanza, tandaza shuka kuukuu juu ya kidimbwi na ulikandamize kwa mawe pembeni. Ukimaliza, likunje kutoka upande wa maji kuelekea nje, ulibebe pamoja na takataka zake mpaka kwenye shimo la mboji.